Nguo za Mama Béatrice

Vijana wangu, Jumapili iliyopita mlinifuata mlangoni mwa kanisa mkaniomba nije kwenye mkutano wenu niseme juu ya upendo wa ndugu. Niliwajibu kwamba sijui kuhubiri, na ni kweli. Nikisimama mbele ya watu magoti yanatetemeka, na siku hizi yanatetemeka hata nikiwa nimekaa. Ninachojua ni kufua. Nilifua nguo za hospitali tangu nilipokuwa bibi harusi hadi siku waliponipa pagne, kitenge cha kustaafu, na picha ya pamoja ambayo ndani yake nimefumba macho. Basi nitawaandikia juu ya kufua, na humo mtamkuta dada yetu Béatrice. Wengi wenu mlimsikia akiimba sauti ya chini pale nyuma ya kwaya. Wachache mnajua alivyotuacha.

Chumba chetu cha kufulia tulikiita buanderie, hata wale ambao hawakujua neno lingine la Kifaransa. Kilikuwa nyuma ya jiko, na wageni hawakufika huko. Siku yangu ya kwanza nilipewa fungu la mashuka kutoka chumba cha uzazi. Nikaona pipa la maji ya moto, nikafurahi, nikayatumbukiza yote. Mkubwa wetu, Papa Ilunga, mtu mrefu asiye na haraka, akaja akachungulia ndani ya pipa.

"Mama, unapika nini humu?"

"Minafula mashuka, papa."

"Ile damu umeipika sasa. Itakaa mule mpaka Yesu atarudia."

Damu inataka maji baridi kwanza, na chumvi kidogo, na subira. Ukiiwahi na maji ya moto inajishika kwenye uzi kama rangi ya kiwanda. Mashuka yale yalibaki na madoa ya kahawia hadi yalipochakaa, na kila yaliporudi kwetu Papa Ilunga aliyainua juu akitangaza, "Supu ya Mama Ngalula imerudi!" Buanderie nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, baada ya kulia kidogo nyuma ya kamba za kuanikia.

Alinifundisha mengine. Usaha unalowekwa katika maji ya majivu yaliyochujwa vizuri, na kinachotoka kwa mgonjwa wa kuhara hakichanganywi na kitu kingine hata siku moja. Nguo iliyoanikwa nje ipigwe pasi yote, hata ile ya ndani, hata ule mshono usioonekana, kwa sababu kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na mayai yake yanakuja kuwa funza ndani ya ngozi ya mtu. Mnacheka mama zenu wanapopiga pasi soksi. Acheni kucheka.

Baadaye zilikuja mashine. Tuliziimbia wimbo siku zilipofika. Umeme ukakatika, mkanda ukakatika, aliyejua kuzitengeneza akahamia Kolwezi, tukarudi kwenye mabeseni yetu.

Papa Ilunga alikuwa na amri moja ambayo hakuifanyia mzaha. Mtu akifungua fungu akakunja uso, alimtoa nje.

"Mwenye hii shuka ni mugonjwa," alisema. "Hakukuona, lakini unamuzarau. Ukitaka kukunja uso, kunja ukifika kwako."

Sasa nimfikie Béatrice.

Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alipanda malori hadi Pweto, kule ziwani, akarudi na magunia kupitia barabara ya Kasomeno, mavumbi hadi ndani ya masikio, akauza hapa kwetu Kampemba. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti kubwa. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka mingi, kwa hiyo aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja, Trésor, ambaye alikua akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Kolwezi.

Mume wangu alipofariki, nyumba yangu ilijaa watu wa kanisa. Walisema maneno mazuri na waliomba vizuri. Béatrice aliingia, akanitazama, akauliza, "Yaya, ndoo iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akaenda nyuma ya nyumba, na siku zote za kilio sikumwona tena isipokuwa mgongo wake, ameinama juu ya masufuria ya watu waliokuja kulia. Watu walipokwisha kuondoka alibaki. Alilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu, na nilipoamka nikiwa nimesahau kwamba mimi ni mjane, yeye ndiye aliyekuwepo nilipokumbuka.

Ugonjwa wake ulimkuta mwaka niliostaafu. Ilikuwa kansa ya kizazi. Alikuwa ameficha damu muda mrefu chini ya pagne zake, akidhani ni mambo ya umri, na malori ya Pweto hayampi mtu nafasi ya kujisikiliza. Alipofika kwa daktari, daktari akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa ulikwisha kupita mahali pa kukata, na mashine ya kuuchoma kwa miale iko mbali, ng'ambo ya uwezo wetu. Akapewa dawa za maumivu akarudi nyumbani.

Mnajua ugonjwa ule unavyofanya, au kama hamjui nitawaambia, kwa sababu kuficha ndiko kulikomwumiza. Unatoa maji, na yale maji yana harufu. Mgonjwa anaoga, anabadilisha nguo, anaoga tena, na harufu ipo. Jumapili moja alikuja akakaa mahali pake. Wimbo wa kwanza haujaisha, mama aliyekaa karibu naye akasogea. Wa nyuma yake akahamia benchi jingine. Kwenye wimbo wa tatu Béatrice alikuwa peke yake kwenye benchi la watu wengi, na mimi nilikuwa mbele kwa wazee, sikuona kitu; haya niliambiwa baadaye. Nilisikia tu kwamba sauti ya chini imekosekana. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Hakurudi. Kila Jumapili jina lake lilisomwa katika matangazo: tumwombee dada yetu Béatrice. Tulimwombea. Siku moja nikasema moyoni, niende nikamwone.

Nilibisha hodi. Nikabisha tena nikaita.

"Yaya, usiingie," akasema kutoka ndani. "Ngoja, nitatoka miye."

"Juu ya nini nisiingie?"

"Mule ndani haiko muzuri."

Nikasukuma mlango. Alikuwa amechoma majani ya mkaratusi hadi moshi ukajaa chumba. Yule mwanamke mkubwa alikuwa amebaki nusu. Kwenye kona kulikuwa na beseni lililofunikwa na gunia, na vitambaa vimejaa hadi juu, kwa sababu nguvu za kuteka maji hakuwa nazo tena, na alingoja majirani wote waende sokoni ndipo afue kidogo kidogo, asionekane.

"Nipe zile nguo," nikamwambia.

"Hapana, yaya. Zile haziko nguo za kupatia muntu."

"Béa, miye niko mama wa buanderie. Unazani kule niliona nini miaka yote? Maua?"

Alicheka. Alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu, kisha kicheko kikageuka, akalia kama mtoto, na mimi nikachukua beseni nikatoka, kwa sababu kama ningebaki tungelia wote wawili na nguo zingebaki pale pale.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Maji baridi kwanza. Chumvi. Maji ya majivu. Sabuni, halafu jua. Nilichana mashuka yangu ya zamani nikayakunja mara nyingi kuwa vitambaa vya kumfungia. Tulisaga makala, makaa ya kupikia, tukayatia katika vifuko tukaviweka chini ya kitanda na ndani ya mto, kwa kuwa makala hunyonya harufu. Muuguzi niliyefanya naye kazi zamani alizungumza na daktari wake, wakampa dawa ya kusaga na kunyunyiza kidondani, na harufu ikapungua. Haikuisha. Nisiwadanganye, haikuisha.

Kulikuwa na shida ya maji machafu. Yalipita mbele ya mlango wa jirani, na jirani alikuwa na haki ya kulalamika. Nikamwambia Papa Mutombo, yule mwashi wa kanisa letu. Mnamjua, mtu ambaye Jumapili nzima husema "Amina" moja tu, na hiyo kwa sauti ndogo. Alinisikiliza, akaondoka bila kujibu, nikadhani amekataa. Kesho yake alikuja na simenti yake na mawe yake. Akajenga sakafu ndogo ya kufulia nyuma ya nyumba, na mfereji, na shimo lililojazwa mawe ili maji yaingie ardhini. Akajenga na kiti cha matofali kwenye bafu, Béatrice aweze kuoga amekaa. Alipomaliza alinawa mikono akaenda kumwamkia mgonjwa, akasimama pale ameshika kofia, akasema, "Mama, iko tayari." Basi.

Nilikwenda pia kwa Mama Thérèse, mkubwa wa kina mama. Yeye alitaka tupange maombi ya kufunga. Nikamwambia, "Tuombe, mama. Lakini tuje na sabuni." Aliona ni maneno ya haki, akaja. Alifika hadi kizingiti. Nilimwona akishika ukuta, uso umebadilika rangi, akakimbia kutapika kando ya ua, akaenda zake bila kuaga. Béatrice alisikia kila kitu kutoka kitandani.

Nilimkasirikia Mama Thérèse. Siku iliyofuata alinijia nyumbani, macho yamevimba.

"Mama Ngalula, siwezi kuingia mule. Nilijaribu. Nililomba Mungu anipatie nguvu, lakini tumbo yangu inakatala. Unipe kazi ya inje."

"Kupiga pasi unajua?"

"Mashati ya batoto yangu yote, njo miye napiga."

Tangu hapo nilifua na kuanika, na yeye alipitia kamba, akachukua nguo zote kwake, akazipiga pasi ya makala hadi mshono wa mwisho. Aliongeza kitu ambacho mimi sikumwomba: vile vitambaa vya kumfungia mgonjwa, vitambaa vya kuchafuliwa siku hiyo hiyo, alivikunja kama vitambaa vya meza ya Bwana, pembe kwa pembe. Béatrice alikuwa akivishika mkononi muda mrefu kabla ya kuvitumia.

"Nani anafanya hivi?" aliniuliza.

"Mama Thérèse."

"Yule alitapika?"

"Yeye."

Akafikiri. "Umwambie asante. Umwambie hata miye ningetapika."

Kisha akaniambia kile alichokuwa akitaka. Alitaka kushiriki meza ya Bwana kanisani, pamoja na wengine, mara moja tena. Pasta alikuwa tayari kumletea nyumbani. Alikataa. "Nyumbani niko peke yangu siku zote," alisema. "Nataka kula na bantu."

Siku ilipofika, mimi na yule muuguzi tulimwogesha mapema. Tulimfunga vitambaa vingi, tukamweka vifuko vya makala chini ya pagne. Kutembea hakuweza, na pikipiki ingemwua. Papa Mutombo akaja na toroli lake la kazi, amelisugua hadi likang'aa, ndani ametandika godoro. Béatrice aliliangalia.

"Papa Mutombo, unanipeleka kanisani kama mufuko wa simenti?"

"Simenti ya muzuri, mama," akajibu, na hilo ndilo neno refu zaidi nililomsikia akimwambia mwanamke.

Tulikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, mimi upande mmoja, Papa Mutombo upande mwingine. Watu waligeuka wakatazama, kisha wakatazama mbele kwa nguvu sana, kama watu waliokatazwa kugeuka. Kwaya ilipoimba, Béatrice alifungua kinywa. Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu, lakini bega lake lililoegemea langu lilikuwa likifuata wimbo wote, sauti yake ya chini, hadi mwisho.

Nyinyi mnajua kwamba kwetu tunakunywa kikombe kimoja. Mkate ulipita salama, kwa kuwa kila mtu anamega kwa mkono wake. Halafu kikombe. Siku ile pasta alikuja nacho hadi benchi letu kwanza, kabla ya wengine, nadhani kwa heshima ya mgonjwa. Nikasikia kanisa zima likinyamaza. Hata watoto. Béatrice pia alisikia. Aliweka mkono juu ya kinywa chake akasema polepole,

"Pasta, miye nitakunywa wa mwisho. Bantu basisumbuke."

Pasta akasimama na kikombe mkononi. Angekwenda kwa wengine kwanza, ingekuwa kama amekubali. Angebaki, labda wangekataa kunywa.

Kule mbele, kwenye benchi la kina mama, mtu akasimama.

"Umupatie sasa, pasta," akasema Mama Thérèse. "Miye nitakunywa nyuma yake."

Akaja. Alitembea katikati ya mabenchi na kitambaa cha pua mkononi, na alipotukaribia niliona tumbo lake likipanda, nikajua anavyopigana. Alikitia kile kitambaa ndani ya pagne yake, kiunoni. Béatrice akanywa, pasta akimshikia. Mama Thérèse akapokea kikombe, hakukigeuza upande mwingine, akanywa palepale. Akameza. Macho yalikuwa yakimtiririka machozi, na sikujua ni ya huruma au ya kujizuia kutapika, na sidhani Mungu alitenganisha. Akakaa kwenye benchi letu hadi ibada ilipokwisha.

Nilikunywa, Papa Mutombo akanywa, kikombe kikaenda mbele. Wengine walikunywa. Wengine waligusisha midomo iliyofungwa wakapitisha. Niliwaona na sitawataja. Mmoja wao alinitekea maji mwezi mzima nilipovunjika mkono.

Baada ya siku ile Béatrice hakuamka tena kitandani. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa naye, nikimpangia vitambaa vilivyopigwa pasi, akanishika mkono akaugeuza. Sabuni na majivu vilikuwa vimenipasua ngozi kati ya vidole.

"Yaya, mikono yako imeharibika."

"Ni mizee."

"Lete yale mafuta."

Alikuwa na mafuta ya mawese kidogo katika chupa. Akayamimina kiganjani, na nguvu alizokuwa nazo, ambazo zilikuwa kidogo sana, akazitumia kunipaka. Kidole kimoja, akapumzika. Kidole kingine, akapumzika. Nilitaka kumwambia aache, lakini niliona uso wake. Kwa muda mrefu sana hakuwa amemfanyia mtu kitu chochote. Nikamwachia mikono yote miwili.

Alikufa asubuhi moja yenye jua, mimi nikiwa nyuma ya nyumba nikianika. Niliita kumwuliza kama anataka uji, hakujibu. Nikaingia. Nilikaa naye kidogo, kisha nikaenda kuwaita watu. Wakaja, tukamwosha, na gari likampeleka morgue, nyumba ya maiti. Tukampigia Trésor simu. Miezi ile yote mama yake alikuwa amemkataza kuja. Alimwambia anaendelea vizuri, asipoteze kazi. Hakutaka mwanawe amwone wala anuse alivyo.

Trésor alifika kesho yake, asubuhi, ameshuka kwenye basi la Kolwezi na mfuko mmoja. Kijana mkubwa, mabega ya mama yake. Hakwenda morgue kwanza. Aliingia chumbani, na mimi nikamfuata. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, sakafu imepigwa deki. Pagne zake, mashuka, vitambaa, vyote vilikuwa vimepangwa juu ya meza kama Mama Thérèse alivyovileta usiku wa kuamkia siku ile, pembe kwa pembe.

Akachukua pagne ya juu akaiweka usoni, akavuta pumzi. Akaiweka chini. Akachukua nyingine. Akachukua shuka, akachukua mto, akaivua foronya yake, akaweka uso wake ndani. Sikuelewa alichotafuta hadi aliponigeukia.

"Mama, haiko hata moja yenye harufu yake. Yote inanuka sabuni."

Miezi yote ile nilikuwa nimepigana na harufu ile kwa kila nilichojifunza katika maisha yangu, na niliishinda mwishoni, pale mtu mmoja duniani alipokuja kuitafuta. Alikaa chini sakafuni na foronya mapajani, akalia, na mimi, na magoti yangu haya, nikashuka polepole nikakaa karibu naye.

Tulikaa hivyo hadi akatulia. Nikamwuliza kama amekula. Akasema tangu jana, tangu simu ile, hajatia kitu kinywani. Nikajishika kwenye ukingo wa kitanda, nikainuka, nikaenda nje kuwasha makala nimsongee bukari, ugali wetu.